Marekani Iwalipie Marubani Inaowaazima

Sheria ya Marekani iko wazi kuhusu rubani wa ndege za abiria ambaye pia ni askari wa akiba. Jeshi likimhitaji, mwajiri hana budi kumwachia aende. Akirudi, arudishiwe kazi yake, tena awekwe pale ambapo angekuwa amefika lau asingeondoka, kwa cheo, mshahara, pensheni na namba yake katika orodha ya ukongwe kazini. Sheria hiyo, inayojulikana kwa kifupi chake cha USERRA, ilitiwa saini na Rais Bill Clinton Oktoba 1994, na mzizi wake ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1946 iliyowahusu wafanyakazi waliorejea kutoka Vita Kuu ya Pili. Ni sheria nzuri na sina ugomvi nayo. Ila kuna swali moja ambalo imelikwepa kwa zaidi ya miaka 30: siku ambazo rubani hayupo, hasara ni ya nani? Kwa sasa hubebwa na rubani mwenyewe na mwajiri wake, huku serikali iliyomwita ikilipa posho ya kijeshi na kuishia hapo. Naona mpango huu hauna haki, na hauna haki zaidi katika mashirika madogo ya kikanda kuliko mahali pengine popote. Zaidi ya hayo unaficha hatari ya usalama ambayo hakuna anayeihesabu, kwa sababu hakuna anayelipwa kuihesabu.

Rubani wa aina hii huwa katika Walinzi wa Taifa wa Anga, ambao kila jimbo lina kikosi chake, au katika Jeshi la Akiba la Anga lililo chini ya serikali kuu moja kwa moja. Tangazo la kuwavuta vijana limekuwa lile lile kwa miongo mingi: wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Kwa karani wa bohari huenda ikawa kweli. Kwa rubani haitoshi, maana ustadi wa kujaza mafuta ndege nyingine zikiwa angani, au wa kutua usiku kwa miwani ya kuonea gizani, hupotea upesi usipofanyiwa mazoezi. Ndiyo maana jeshi lenyewe huwapangia marubani wake vipindi vya ziada vya kuruka juu ya zile wikendi. Ukijumlisha, rubani wa akiba yuko kikosini siku kadhaa kila mwezi, na hapo bado hajaitwa vitani. Uwanja wa Phoenix Sky Harbor, Arizona, unalionyesha jambo hili vizuri. Kambi ya Kikosi cha 161 cha Walinzi wa Taifa imo ndani ya uwanja huo huo wa kiraia, na KC-135 zake, ndege za kujaza mafuta ambazo ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1965, huruka kwenye njia zile zile zinazotumiwa na ndege ndogo za abiria. Ukiwa pale, kazi moja na nyingine zinatenganishwa na uzio na lango la mlinzi. Lakini upande mmoja haujui upande wa pili umemtumikisha rubani kwa saa ngapi.

Ili kuona kwa nini mzigo unaelemea mashirika ya kikanda, lazima ujue yanavyopata fedha. Abiria anayepanda ndege iliyoandikwa American Eagle, Delta Connection au United Express anaamini amepanda American, Delta au United. Tiketi kweli imeuzwa na shirika kubwa, na ratiba na nauli zimepangwa huko huko. Lakini rubani, wahudumu na cheti cha kuendesha safari ni vya kampuni nyingine, kama SkyWest au Republic, ambayo kwa kawaida hulipwa kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba kwa safari zinazofanyika. Safari isipofanyika, fedha haziji. Na kwa kuwa nauli si yake, kampuni hiyo haiwezi kuipandisha ili kuziba pengo. Ndege ya viti 50 inahitaji marubani wawili, na mmoja akikosekana haiondoki. Shirika kubwa lenye marubani zaidi ya 10,000 halitikisiki kwa mmoja aliyekwenda mazoezini. Kampuni yenye marubani mia chache, waliotawanyika kwenye vituo vitatu au vinne, inalazimika kuweka watu wa zamu ya kusubiri wanaolipwa waitwe wasiitwe. Kwa hiyo sehemu ya gharama ya ulinzi wa anga wa taifa tajiri kuliko yote duniani inalipwa kimyakimya na mkandarasi anayewapeleka abiria Fargo na Yuma.

Upande wa rubani, kila kitu kinategemea ukongwe. Ratiba za mwezi hutolewa kwa kuombwa, wakongwe wakichagua kwanza, na kijana wa mwaka wa kwanza huachiwa makombo: wikendi, sikukuu, zamu za kusubiri simu. Mazoezi ya kijeshi nayo huangukia wikendi. Tuseme amepangiwa safari ya siku nne, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, na kikosi kinamtaka Jumamosi. Hawezi kushuka Ijumaa usiku katikati ya South Dakota akaahidi kuungana na wenzake Jumapili, kwa hiyo safari nzima huondolewa kwenye ratiba yake. Siku moja ya jeshi imekula siku nne za mshahara wa kiraia. Zamani hasara hiyo haikuuma sana kwa sababu mshahara wenyewe wa mashirika haya ulikuwa kichekesho, na kwa wengi posho ya kikosini ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba. Mambo yaligeuka Juni 2022, uhaba wa marubani ulipobana. Envoy, Piedmont na PSA, kampuni tatu za kikanda zinazomilikiwa na American, zilipandisha malipo ya rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza hadi dola 90 kwa saa, nyongeza ya muda ikiwemo. Kwa kiwango hicho, safari ya siku nne yenye saa 20 za malipo ina thamani ya dola 1,800. Kadiri kazi ya kiraia inavyolipa vizuri, ndivyo rubani anavyotozwa zaidi kwa kuvaa sare ya pili. Sidhani kama kuna mtu aliyekaa akapanga iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Mahakama zimeanza kulitazama suala hili. Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliifufua kesi dhidi ya Alaska Airlines na shirika dada la kikanda, Horizon Air, iliyofunguliwa na rubani aliyetumikia Walinzi wa Taifa. Hoja yake ilikuwa rahisi. Mashirika hayo huwalipa wafanyakazi wanaoitwa kwenye jopo la raia mahakamani, wanaofiwa, au wanaougua. Kwa nini siku chache za jeshi zisilipwe? Jaji wa kwanza aliitupa hoja hiyo, mahakama ya rufaa ikasema ni ya kuamuliwa na jopo la raia. Miaka miwili kabla, mahakama nyingine mbili za rufaa zilikuwa zimefungua mlango huo huo katika kesi za United na FedEx. Naielewa furaha ya marubani, na kwa sheria ilivyoandikwa naona wana haki. Lakini ushindi wa namna hii unaitoa bili kwenye mfuko wa rubani na kuiingiza kwenye mfuko wa mwajiri, wakati aliyeagiza kazi hajaguswa. FedEx ikitakiwa kulipa, italipa na kuendelea na shughuli zake. Kampuni ndogo ya kikanda itaanza kujiuliza, bila kuandika popote, kama kweli inataka kuajiri askari mwingine wa akiba. Ubaguzi huo umepigwa marufuku na sheria, lakini kwenye usaili wa watu 40, yule aliyeachwa atathibitisha vipi sababu ya kuachwa?

Fedha, hata hivyo, si jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Tangu Januari 2014 marubani wa abiria wa Marekani wanalindwa na kanuni za uchovu zilizo kali: wasiruke zaidi ya saa 100 katika siku 28 wala saa 1,000 katika siku 365, wapate saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, na ndani ya kila saa 168 wawe na saa 30 mfululizo ambazo mwajiri hawadai chochote. Ulizingatie sana neno mwajiri. Kanuni inahesabu kazi inayofanywa kwa ajili ya mashirika ya kiraia, na saa za kuruka jeshini hazimo katika hesabu hiyo. Chukua rubani anayetua Ijumaa saa tano usiku. Jumamosi saa mbili asubuhi yuko kikosini, anapewa maelezo ya kazi, anaruka mchana, anajaza fomu jioni. Jumapili ni vivyo hivyo, kisha anaendesha gari saa tatu kurudi nyumbani. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri anaripoti kwa safari ya kwanza. Kwenye kompyuta ya shirika, mtu huyu amepumzika tangu Ijumaa usiku, na kile kigezo cha saa 30 kimetimia kwa ziada. Jeshi nalo lina kanuni zake za mapumziko, nzuri tu, zinazotaka saa 12 kabla ya kuruka, ila nazo zinamlinda akiwa mikononi mwa jeshi. Kila upande unaweza kuonyesha karatasi safi.

Kitu pekee kinachounganisha karatasi hizo mbili ni dhamiri ya rubani, ambaye kanuni inamtaka atamke mwenyewe kabla ya kuruka kwamba yuko fiti. Watetezi wa utaratibu wa sasa huegemea hapo: hawa ni watu wazima, wana nidhamu ya kijeshi, wanajijua. Inawezekana. Lakini kanuni hizi zilizaliwa na ajali iliyofundisha kinyume. Februari 12, 2009, ndege ya Colgan Air, shirika la kikanda lililokuwa likiruka kwa jina la Continental, ilianguka karibu na Buffalo, New York, na kuua watu 49 waliokuwamo na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kufika kazini Newark, na kapteni alilala kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani. Hakuna aliyekuwa askari wa akiba. Chanzo kikuu kilikuwa jinsi kapteni alivyoitikia onyo kwamba ndege inapoteza mwendo, na wachunguzi walisema uchovu huenda uliwapunguzia wote wawili uwezo wa kazi, ingawa hawakuweza kupima ni kwa kiasi gani. Ninaitaja kwa sababu kwenye makaratasi watu hao walikuwa na muda wa kupumzika. Uchovu waliupata mahali ambapo daftari la mwajiri halifiki. Sasa mwongezee rubani motisha mbaya: akikiri Jumatatu alfajiri kwamba amechoka kwa sababu ya mazoezi, anaweza kupoteza safari nyingine juu ya ile aliyoiacha Jumamosi, na kumpa msimamizi sababu ya kuinung'unikia sare yake. Ni nani atakayekiri kila mara?

Kuna pingamizi linalokuja upesi kila hoja hii inapotolewa: hakuna aliyemlazimisha. Marekani iliacha kuwaandikisha watu jeshini kwa lazima mwaka 1973, kwa hiyo aliyejiunga na akiba alijua anachokiingia. Hilo ni kweli kwake, lakini linasahau upande wa pili wa mkataba. Ndege za kivita za kwanza kurushwa asubuhi ya Septemba 11, 2001 zilikuwa F-15 mbili za Walinzi wa Taifa kutoka Otis, Massachusetts. Tangu hapo jukumu la kulinda anga ya nchi hiyo limewaangukia Walinzi wa Taifa kwa sehemu kubwa. Wala hawaishii kwao. Kwenye kambi ya Lemonnier, Djibouti, vikosi vya C-130 vya akiba vimekuwa vikipokezana zamu kuhudumia shughuli za Marekani katika Pembe ya Afrika, kwa hiyo rubani aliyebeba askari na shehena juu ya vichwa vyetu huenda mwezi uliotangulia alikuwa akiwapeleka abiria Ohio. Serikali imewajenga watu hawa kuwa nguzo ya kila siku ya jeshi lake, si akiba ya kufungua wakati wa dharura, na imefanya hivyo kwa sababu rubani wa akiba huigharimu kidogo kuliko rubani wa kudumu. Unafuu huo una anayeulipia.

Pingamizi zito zaidi ni la mafunzo, na nakiri lina nguvu. Taasisi ya utafiti ya RAND ilikadiria mwaka 2019 kwamba kumfundisha rubani mmoja wa ndege ya mizigo ya C-17 hadi afikie kiwango cha chini cha kazi huligharimu jeshi la anga dola milioni 1.1, na wa ndege ya kivita ya F-22 dola milioni 10.9. Mtu aliyepikwa kwa fedha za umma namna hiyo anaingia shirika la ndege bila shirika kutoa senti. Tena sheria inamruhusu aliyehitimu jeshini kupata leseni ya shirika akiwa na saa 750 za kuruka, wakati raia wa kawaida anatakiwa saa 1,500. Basi mashirika si yameshalipwa? Yameshalipwa, ila si haya tunayoyazungumzia. Rubani aliyelelewa jeshini akakaa miaka kumi siku hizi mara nyingi huenda moja kwa moja shirika kubwa, au hupitia la kikanda kama mtu anayebadilisha basi. Anayebaki shirika la kikanda na sare mbili mara nyingi ametokea njia ya pili: kijana aliyejifunza kuruka kwa mkopo wake mwenyewe, akaajiriwa kama rubani msaidizi, kisha kikosi cha Walinzi wa Taifa kikampenda na kumpeleka shule ya marubani wa kijeshi. Shule ni mwaka mzima, kisha kozi ya ndege atakayorusha, kisha miezi ya kuzoezwa kikosini. Muda wote huo mwajiri anamtunzia nafasi na ukongwe wake unapanda. Akirudi, hakawii kuitwa na Delta. Faida ya mafunzo yale inavunwa na shirika kubwa, baada ya dogo kumngojea.

Na kuna manung'uniko ambayo mameneja huyasema pembeni: wapo marubani wanaotumia jeshi kama kisingizio, wakipangiwa Krismasi mbaya wanaomba amri ya kwenda kikosini, na sheria haitofautishi aliyeitwa na aliyejitolea. Siwezi kusema hakuna. Lakini kwa utaratibu ulivyo mwajiri hana cha kufanya ila kumpigia kamanda simu na kuuliza kwa adabu, na kamanda hana sababu ya kumkatalia rubani wake, kwa sababu siku ile haimgharimu kitu zaidi ya posho. Siku ikiwa na bei, itabidi mtu aitolee maelezo.

Marekani itasema tayari inatoa msaada. Ipo nafuu ya kodi kwa mwajiri anayeamua kumlipa mfanyakazi tofauti ya mshahara akiwa jeshini: asilimia 20 ya malipo yasiyozidi dola 20,000, yaani dola 4,000 kwa wingi wake. Inamhusu tu aliyeondoka kwa zaidi ya siku 30, na haigusi gharama ya mtu wa kushika nafasi yake. Kwa zile Jumamosi zinazokula safari za siku nne, haisaidii chochote. Uingereza inafanya zaidi. Askari wa akiba akiitwa kazini rasmi, serikali huziba pengo la mshahara wake hadi kiwango fulani, mwajiri anaweza kudai hadi pauni 110 kwa siku kwa gharama ya ziada ya mbadala, na tangu mageuzi ya 2014 kampuni ndogo na za kati hupata pauni 500 kwa mwezi juu ya hapo. Australia nayo imekuwa na mpango wa kumlipa mwajiri kwa wiki ambazo mtu wake yuko jeshini. Mipango hiyo si kamili. Wa Uingereza hauhusu mazoezi ya kawaida, ambayo kwa rubani ndiyo kero kubwa. Lakini imekubali jambo ambalo Washington haijalikubali, kwamba mwajiri ametoa kitu chenye thamani.

Pendekezo langu ni kwamba wizara ya ulinzi ya Marekani imlipe mwajiri kiwango maalumu kwa kila safari iliyoondolewa kwa ajili ya jeshi, kuanzia na mashirika yanayoruka kwa mikataba ya kikanda, na imfidie rubani malipo aliyoyapoteza kwa siku ambazo hakuwa jeshini ila safari yake ilivunjwa. Kwa bajeti ya ulinzi inayozidi dola bilioni 800 kwa mwaka, hapo hatuzungumzii fedha za kutikisa nchi. Malipo hayo yawe na sharti moja: saa za kazi za rubani, za kijeshi na za kiraia, ziingie kwenye rekodi moja ambayo wapanga ratiba wa pande zote mbili wanaiona. Isionyeshe alikwenda wapi wala alibeba nini, ili kusiwe na siri ya kuvuja. Muda alioripoti na muda aliomaliza unatosha. Baadhi ya marubani hawatalipenda hilo, kwa kuwa rekodi ya kweli itawanyima safari fulani za Jumatatu. Ndiyo sababu fidia yao lazima itangulie, vinginevyo tutakuwa tumewaongezea adhabu.

Upinzani mkali nautarajia kutoka jeshini kwenyewe kuliko kwenye mashirika, na sababu yake si fedha tu. Sheria ya ulinzi hupitishwa na Bunge la Marekani kila mwaka, kwa hiyo nafasi ya kuingiza kifungu kama hiki haikosekani. Tatizo ni kwamba majemadari wamezoea muda usio na bei. Kamanda wa kikosi akianza kuona kwenye hesabu zake kila safari aliyoivunja, ataanza kuuliza kama zoezi la Jumamosi haliwezi kufanyika Jumanne, siku ambayo rubani wake hana safari na amelala usiku mzima.